Bodi za ARM za moduli: ipi inafaa matangi ya maziwa?

"Shikamoo mwalimu. Niko Tanga, nimemaliza diploma ya elektroniki mwaka jana. Chama cha wafugaji kimenipa kazi ya kutengeneza vifaa 12 vya kufuatilia joto la matangi ya kupozea maziwa katika vituo vya kukusanyia. Joto likipanda, meneja apate ujumbe kwenye simu. Bajeti yote ni milioni mbili na nusu. Nataka bodi ya ARM ya moduli ili baadaye nibadilishe prosesa bila kuanza upya. Nimeangalia Raspberry Pi Compute Module 4, MicroMod, Nucleo za STM32, Blue Pill na Pico. Muuzaji mmoja ameniambia ESP32 nayo ni ARM. Mwingine anasema Compute Module ni nafuu kuliko Raspberry Pi ya kawaida kwa sababu inaanzia dola 25. Nichukue ipi?"

Marahaba. Swali lako limekuja na kazi, idadi na fedha, mambo matatu ambayo wengi wanaoniuliza "bodi ipi ni nzuri" huyasahau. Basi naweza kukujibu bila kubahatisha.

Nikikuelewa vizuri, hofu yako ni kwamba utachagua prosesa leo, kesho ikiadimika madukani au ikizidiwa na kazi, itakubidi urudi mwanzo na vifaa 12 viko mikononi mwa watu. Hofu hiyo ina msingi. Lakini naona umeielekeza kwenye kipande ambacho, katika kifaa cha aina hii, ndicho kitakachodumu kuliko vyote. Prosesa inayosoma joto kila baada ya dakika tano haitachoka mwaka wa tatu. Kitakachobadilika ni modemu, kwa sababu mitandao ya simu inabadilika. Kisha sensa, kwa sababu zinaingia maji na waya zake zinakatwa na ndoo. Kisha betri. Huko ndiko plagi zinakotakiwa, na nitarudi huko baada ya kuweka sawa mambo mawili matatu.

Tuanze na wauzaji wako. Wa kwanza amekosea: ESP32 si ARM, yaani prosesa yake haikujengwa kwa michoro ya kampuni ya Arm. Zile za mwanzo zina prosesa za Xtensa, na za karibuni kama ESP32-C3 zina RISC-V. Sisemi hivi kuidharau. Ni chipu nzuri, bei yake ni ndogo, na Wi-Fi imo ndani. Kama vituo vyako vingekuwa na Wi-Fi ya kuaminika ningekwambia uichukue uachane na ARM kabisa, maana chama hakikukuagiza ARM, kimekuagiza maziwa yasichache. Hata Arduino Uno R3 iliyotufundisha wengi ina chipu ya AVR; Uno R4 ya mwaka 2023 ndiyo iliyohamia ARM.

Wa pili amesema kweli, akaishia njiani. Compute Module 4 (CM4) ilipotoka Oktoba 2020 ilianzia dola 25, wakati Raspberry Pi 4 ilianzia dola 35. Ila dola 25 zinakununulia kipande cha milimita 55 kwa 40 kisicho na tundu hata moja la kuchomekea waya. Hakina USB, hakina HDMI, hakina pa kuingizia umeme, na toleo la bei hiyo halina Wi-Fi wala hifadhi ya ndani. Mgongoni kuna viunganishi viwili vyembamba vya pini 100 kila kimoja, vinasubiri bodi nyingine ya kuvibeba. Bodi hiyo ya chini, ile rasmi, ilitoka kwa dola 35. Tayari umefika 60, na hujanunua kadi ya SD wala chaja. Compute Module 5 ya Novemba 2024 ilianzia dola 45 na bodi yake ya chini 20, kwa hiyo nayo inakupeleka 65. Na mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda dunia nzima, Raspberry Pi wakapandisha baadhi ya bei zao. Kwa sababu hiyo bei nitakazotaja ni za siku ya uzinduzi. Zitumie kama mizani ya kulinganisha, halafu uulize dukani.

Sasa, kwa nini moduli za namna hii zipo, kama mwishowe zinagharimu zaidi? Hapa vumilia kidogo, kwa sababu ukishalielewa hili hutahitaji kumuuliza mtu tena bodi ipi ununue.

Arm, kampuni iliyoanzishwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1990, imejijenga kwa kuuza leseni za michoro ya prosesa. Watengenezaji wa chipu wananunua mchoro, wanauzungushia vitu vyao, wanauza. Michoro hiyo ina koo kadhaa, na mbili zinakuhusu: Cortex-A na Cortex-M. Cortex-A ni za kuendesha Linux au Android, ndizo zilizomo kwenye simu yako na kwenye Compute Module. Cortex-M ni za vidhibiti vidogo, ndizo zilizomo kwenye Pico, Nucleo na Blue Pill. Watu huzilinganisha kana kwamba moja ni kaka mkubwa wa mwenzake. Kwa kweli ni kama lori na pikipiki: zote zina injini, lakini huwezi kusema pikipiki ni lori lililokonda.

Chipu ya Cortex-A inahitaji RAM iliyo nje yake. Kati ya prosesa na RAM hiyo kuna nyaya nyingi za shaba ndani ya bodi, zinapeleka data kwa kasi kubwa mno kiasi kwamba waya mmoja ukizidi wenzake kwa milimita chache data inafika kwa kuchelewa na mashine inakwama. Fundi anayechora bodi hiyo anasawazisha urefu wa kila waya. Chipu yenyewe imekaa juu ya mamia ya vidonge vya risasi visivyoonekana, na inataka volti kadhaa tofauti ziwake kwa mpangilio maalumu, hii kabla ya ile. Ukikosea mpangilio haiwaki. Bodi ya tabaka mbili unayoweza kuagiza kwa dola chache haitoshi. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, na moduli ni sehemu ngumu iliyokwisha kufanywa na mtu mwingine: prosesa, RAM, umeme na hifadhi vimekaa pamoja, wewe unachora bodi rahisi ya chini yenye matundu unayoyataka.

Kwa mtengenezaji wa mashine za viwandani hilo ni jambo kubwa. Toradex wa Uswisi wamejenga biashara nzima juu yake, wana familia za Verdin, Apalis na Colibri, na moduli yao yenye chipu ya i.MX 8M Plus huvuka dola 100. Huo ndio ulimwengu wa bodi za moduli kwa maana yake kamili, na mteja wake analipia ahadi kwamba moduli ileile au ndugu yake itakuwepo miaka kumi ijayo, juu ya kiunganishi kilekile.

Ahadi ya kiunganishi ndiyo roho ya biashara hii, nayo huvunjika. Compute Module ya kwanza, mwaka 2014, ilikuwa na umbo la kipande cha RAM ya kompyuta ya mapajani. Ya tatu ikafuata umbo hilohilo. Ya nne ikaja na viunganishi vipya kabisa, na waliokuwa wamechora bodi zao kwa umbo la zamani ikawabidi wachore upya, mpaka baadaye likatolewa toleo la CM4S kwa ajili yao. Ya tano imerudi kukaa juu ya nafasi ya ya nne, lakini baadhi ya pini za kamera na skrini zimetolewa zikawekwa USB 3. Bodi yako ikitumia pini hizo, umeumia. Kwa hiyo ukisikia "unabadilisha prosesa tu, kila kitu kingine kinabaki," uliza kwanza: kwa mujibu wa nani, na kwa matoleo mangapi?

Tugeukie Cortex-M, ukoo unaokufaa. Chipu hizi zina RAM ndani. Nyingi zina hata hifadhi ya programu ndani. Zinataka volti moja, 3.3, na vipande vichache vya kawaida pembeni. Kile ambacho Cortex-A inahitaji moduli nzima kukipata, Cortex-M inacho ndani ya chipu ya ukubwa wa ukucha. Ndiyo maana nasema kwa kazi yako chipu yenyewe ndiyo moduli, na kulipia mfumo mwingine wa moduli juu yake ni kuvaa koti mbili Tanga mwezi wa Februari.

MicroMod ya SparkFun ni mfano wa koti la pili, ingawa ni koti lililoshonwa vizuri. Ilitoka 2020. Prosesa imekaa kwenye kadi ndogo yenye kiunganishi cha M.2, umbo la SSD za kompyuta za mapajani (usiichomeke kwenye kompyuta, umbo ni moja ila pini hazilingani). Unaichomeka kwenye bodi ya chini, unakaza skrubu moja, umemaliza. Leo RP2040, kesho nRF52840, keshokutwa STM32. Darasani au kwenye maabara inayolinganisha chipu, hakuna kitu kizuri kama hicho. Lakini kadi moja ya prosesa ni dola kumi na kitu, bodi ya chini nayo kama hizo au zaidi, na utaagiza Marekani. Mara 12, na kila kimoja ulipie mzigo na VAT ya asilimia 18. Na ujiulize: nani atakayepanda pikipiki hadi kituo cha Lushoto kwenda kubadilisha prosesa?

Nucleo za STMicroelectronics ni hadithi nyingine, na nazipenda. Kwa dola kumi na kitu hadi ishirini na kitu unapata chipu halisi ya STM32, pini za mpangilio wa Arduino, na pembeni yake ST-LINK, yaani kifaa cha kupakia programu na kuichunguza inapotembea, mstari kwa mstari. Hicho kifaa peke yake kinatosha kuwa sababu ya kununua, kwa sababu Nucleo moja itakupakilia programu kwenye bodi zako nyingine zote za STM32. Kama unataka kuwa mhandisi wa mifumo hii kwa miaka ishirini ijayo, nunua moja, ikae mezani. Kwa vifaa 12 vya kwenda vituoni, ni kubwa na zina vitu usivyovihitaji huko.

Blue Pill nisingeigusa kwa kazi ya kulipwa. Ni ya dola chache, ina STM32F103 ya Cortex-M3 inayokwenda megahezi 72, na vijana wengi wamejifunzia hapo. Ila ST haitengenezi bodi hiyo. Inatengenezwa na yeyote, kwa chipu yoyote iliyopatikana wiki hiyo. Niliwahi kununua kumi kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni kwa ajili ya mafunzo, nne zikakataa kupakiwa programu. Kitambulisho cha kiini kwenye STM32F103 halisi kinasomeka 0x1ba01477. Zangu zilisoma 0x2ba01477, namba inayojulikana kwa chipu za kuiga. Juu yake zilikuwa zimechapwa nembo ya ST vizuri tu. Mikupuo mingi pia ilitoka na kipinga cha USB cha kiloomu 10 mahali pa 1.5, kompyuta nyingine zinaiona bodi, nyingine hazioni. Kifaa kimoja kati ya kumi na mbili kikikuletea kero ya namna hiyo, nauli ya kukifuata imekwisha kula faida uliyoipata kwenye bei.

Imebaki Pico, na ndiyo ninayokushauri. Ilitoka Januari 2021 kwa dola 4. Ndani kuna RP2040, viini viwili vya Cortex-M0+ vya megahezi 133, RAM kilobaiti 264, hifadhi megabaiti 2. Pico 2 ya Agosti 2024, dola 5, ina RP2350, viini vya Cortex-M33, RAM kilobaiti 520 na hifadhi megabaiti 4. Kazi yako haitatumia hata robo ya ile ya kwanza. Kitu kinachonifurahisha zaidi ni kingo zake: pini 40 zimekatwa nusu duara ukingoni, kwa hiyo unaweza kuilaza juu ya bodi yako na kuilehemu moja kwa moja kama chipu kubwa, au kuiwekea miguu na soketi ukitaka ichomoke. Yaani moduli uliyokuwa unaitafuta imo hapa, kwa dola nne. Programu inaingia kwa kubonyeza kitufe na kuburuta faili kama unavyonakili wimbo kwenye flashi, jambo ambalo hata karani wa kituo anaweza kulifanya ukimwelekeza kwa simu. Na RP2040 imeahidiwa kutengenezwa hadi angalau Januari 2041.

Ina kasoro, usije ukasema sikukwambia. Kipimo chake cha volti, ADC, kinatajwa kuwa cha biti 12 lakini usahihi wake halisi hauzidi biti tisa. Usitegemee thermista (kipinga kinachobadilika na joto) ya bei ndogo juu yake. Ikilala hailali fofofo: bodi nzima hubaki ikila kama miliampea moja, ilhali STM32 za kundi la L hushuka hadi maikroampea. Na Pico 2 za mikupuo ya mwanzo zina hitilafu inayojulikana, pini ikivutwa chini kwa kipinga cha ndani hung'ang'ania volti mbili na kitu. Dawa yake ni kipinga cha nje cha kiloomu 8.2 au pungufu. Kwa sababu ya hitilafu hiyo chukua Pico ya kwanza, isiyo na Wi-Fi. Huihitaji hiyo Wi-Fi.

Kuna sababu moja kubwa kuliko zote ya kukataa Compute Module hapa, nayo haimo kwenye jedwali lolote la kulinganisha bodi. Tangi lako linaanza kupata joto umeme unapokatika. Saa hiyo hasa ndipo kifaa chako lazima kiwe macho. Bodi inayoendesha Linux ya aina ya CM4 inakula kama wati 2 hata ikiwa imekaa tu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7, zile za kengele za wezi, ina wati-saa 84 kwenye karatasi, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Gawa 42 kwa 2, toa kinachopotea kwenye kibadilisha volti na kinacholiwa na modemu: hufiki saa 20. Pico ikiwa macho muda wote inakula miliampea 30 hivi kwa volti 5, wati 0.15. Ukiijumlisha na modemu iliyotulia, betri ileile inakupeleka siku tano na zaidi, kwa hiyo unaweza kununua betri ndogo na ya bei nafuu. Isitoshe, Linux iliyozimwa ghafla mara tatu kwa wiki huharibu kadi ya SD. Inazuilika, kwa kuifanya kadi iwe ya kusomwa tu, lakini ni kazi juu ya kazi. Pico ikikatiwa umeme haina habari. Ukirudi, inaanza upya papo hapo.

Kuhusu kuhamisha programu kutoka prosesa moja hadi nyingine, ondoa matumaini kwamba "ARM ni ARM". Viini ni vya ukoo mmoja, na vifaa vya kupakia programu vinafanana, hilo ni kweli na ni faida. Lakini bandari ya UART (ile ya kutuma na kupokea data kwa waya) ya ST na ya RP2040 zimejengwa na watu tofauti, rejista zake, yaani visanduku vya ndani vya kuiamrisha, hazifanani hata kwa majina. Kinachohama ni programu iliyoandikwa juu ya tabaka la kati: MicroPython (lugha ya Python kwa vidhibiti vidogo), kwa mfano, inakwenda kwenye Pico, kwenye STM32 na nyingine kadhaa, au Zephyr, mfumo endeshi mdogo, ukiandika kwa C. Andika sehemu ya modemu faili lake, sensa faili lake, na maamuzi ("nyuzi 6 kwa nusu saa, tuma ujumbe") faili lake. Siku ya kuhama utagusa faili mbili za chini, la juu utalibeba lilivyo. Nidhamu hiyo ndiyo moduli usiyoinunua dukani. Washa pia mlinzi wa ndani, ule unaoianzisha chipu upya programu ikikwama. Kwenye RP2040 muda wake haupiti sekunde nane na kidogo, kwa hiyo usimwache modemu akusubirishe bila kuupapasa.

Haya, turudi kwenye plagi. Chora bodi moja ya tabaka mbili. Katikati weka nafasi ya Pico yenye soketi. Upande wa modemu usiilehemu modemu bodini. SIM800L ni rahisi na imejaa madukani, lakini ni ya 2G peke yake, na nchi nyingi zimekwisha kuzima au zinazima mitandao hiyo. A7670E inakwenda 4G na ikikosa inarudi 2G, nayo inapokea maagizo ya AT (amri fupi za maandishi za kuendesha modemu) yanayofanana kwa sehemu kubwa. Weka soketi, pitisha UART, umeme na waya mmoja wa kuwasha na kuzima. Ukitaka utaratibu unaotambulika duniani, tumia mpangilio wa mikroBUS wa MikroElektronika wa Belgrade: safu mbili za pini nane nane, zenye njia za data za SPI, I2C na UART, pamoja na volti 3.3 na 5. Mpangilio ni wa bure kuutumia, na kuna zaidi ya kadi elfu moja zinazokaa hapo. Kadi zenyewe si za bei ya kwetu. Wewe chukua mpangilio, kadi ya modemu ujichoree. Angalia tu umeme wa modemu: SIM800L inataka kati ya volti 3.4 na 4.4, na inapotuma huvuta hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Wengi wanaolalamika kwamba "bodi inajizima yenyewe" wameinyima hiyo. Iwekee kibadilisha volti chake na kapasita kubwa karibu yake, usiipitishe kwenye Pico.

Kwa joto, DS18B20 zilizofungwa kwenye chuma zinatosha. Zinatoa namba moja kwa moja, kwa hiyo ule udhaifu wa ADC haukuhusu, na usahihi wake ni nusu nyuzi kati ya -10 na 85. Unaweza kuziweka kadhaa kwenye waya mmoja, kila moja ina namba yake. Za kuiga zimejaa, basi kabla ya kulipa mzigo wote zipime kwenye kikombe cha barafu iliyopondwa na maji kidogo. Ikishatulia isome sifuri. Inayosoma 1.5, rudisha. Tangi linalotakiwa kukaa nyuzi 4 halivumilii sensa ya kubahatisha.

Fedha sasa. Kwa hesabu ya haraka ya shilingi 2,500 kwa dola, una dola 1,000, yaani 83 kwa kila kifaa. Kwa makadirio yangu Pico, sensa mbili, modemu, betri na chaja yake, bodi na kasha lisiloingiza maji vitakula kati ya 45 na 55 ukinunua kwa pamoja. Ukichukua Compute Module na bodi yake ya chini, dola 60 zimekwenda kabla ya modemu, na 23 zilizobaki hazinunui modemu, betri, sensa na kasha. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ningempa meneja wa chama kama hataki kusikia habari za rejista. Kitakachobaki kwenye njia ya Pico kinunulie vifaa viwili vya akiba na Nucleo yako ya mezani. Kama chama kitataka kuona michoro ya joto ya mwezi mzima, Linux moja inatosha, pale ofisini penye umeme na mtu wa kuiangalia. Hata kompyuta ya zamani itafanya.

Je, Compute Module ina siku yake kwako? Ndiyo. Chama kikitaka kamera isome namba za ndoo, au skrini ya kugusa kwa karani, au kupima kila mfugaji na kutoa risiti, hapo Cortex-A inaingia kwa haki. Hata hivyo anza na Raspberry Pi ya kawaida. Moduli inunue siku unapochora bodi ya chini yako mwenyewe kwa ajili ya makumi ya mashine.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Usifungue kabati la umeme la kompresa. Humo mna umeme wa kuua, na kama unahitaji kujua kompresa inawaka au la, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, akutolee waya salama. Usitumbukize sensa ya dukani ndani ya maziwa. Muulize fundi wa tangi kama lina mfuko wa chuma wa kupokea kipimajoto, kama halina, bandika nje ya ukuta wa ndani chini ya kizio, naye awepo. Bodi ya Maziwa ina masharti yake kuhusu vinavyogusa maziwa. Modemu nayo ni kifaa cha redio, na ukianza kuviuza nje ya chama hiki pita TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza uulize habari za kuidhinishwa. Na kama kifaa kinajizima kila kompresa inapowaka, usikae wiki nzima ukibadilisha programu: beba kifaa uende penye osiloskopu, DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo cha Ufundi Arusha, umwombe mtu wa maabara akuonyeshe kinachotokea kwenye waya wa volti 3.3 sekunde ileile. Dakika kumi za kuangalia pamoja zitakufikisha mbali kuliko barua kumi kwangu.

Usiagize 12 mara moja. Tengeneza viwili. Kimoja weka kituo cha karibu unakoweza kwenda kwa miguu, cha pili kituo chenye mtandao mbovu kuliko vyote, na uviache mwezi mzima. Andika kila siku kilipokaa kimya na kwa nini. Halafu niandikie kabla hujaagiza bodi za vile kumi vilivyobaki, uniambie modemu ipi ilishika.